Tulifukua Kaburi la Baba, Kichwa Hakikuwepo

Agosti mwaka 1976 tulifukua kaburi la baba yangu mchana kweupe, mbele ya watu kama arobaini, tukakuta kila kitu isipokuwa kichwa.

Rudia kusoma kama hukuelewa. Mbavu zilikuwepo. Mikono ilikuwepo. Suti ya kijivu niliyoipeleka mimi mwenyewe hospitalini avalishwe ilikuwepo, na vifungo vyake vyote. Kichwa, hakuna.

Najua humu mmezoea stori za majini na mapepo. Hapa hakuna jini, kwa hivyo kama ndilo ulilofuata, pita tu salama. Haya ni mambo ya watu, na mtu wa kwanza wa kulaumiwa ni mimi ninayeandika.

Naitwa Peris. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na nne, nimestaafu, magoti yamekataa kazi. Wote waliohusika na jambo hili wameshalala sasa, na mimi sioni tena sababu ya kulificha.

Tuanze na mama, maana bila mama hakuna kaburi lingefukuliwa.

Baba yangu, Josephat, alikuwa Mtaita wa milimani, upande wa Mbale. Wakati wa vita vya Hitler Waingereza walimchukua jeshini wakampeleka Madagaska, kile kisiwa ambacho wazee wa Pwani wanakiita Bukini. Wenzake walirudi na mablanketi na malaria. Yeye alirudi na mke.

Mke huyo ndiye mama yangu, Rasoa. Mimi nilizaliwa miaka michache baadaye, wa kwanza na wa mwisho.

Mama alijifunza Kidawida, lugha yetu Wataita, mpaka akawa anagombana nacho kuliko wenyeji. Alilima kama wenzake, akaimba kwaya ya kanisa, akabeba kuni mgongoni kwa ukanda wa kichwani kama mwanamke yeyote wa huku. Ila kuna kitu kimoja cha kwao hakukiacha. Kwao, mtu akishazikwa, hamjamalizana naye.

Ikipita miaka, mitano au saba hivi, kaburi linafunguliwa wakati wa kiangazi. Mifupa inatolewa, inafungwa nguo mpya, inabebwa mabegani huku watu wanaimba na kucheza. Marehemu anapewa habari zote: nani kaoa, nani kazaa, nani kauza ng'ombe. Halafu anarudishwa alale tena. Nilipokuwa mdogo mama alinisimulia hayo wakati anamenya viazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kufua nguo.

Sasa nikwambie kosa langu.

Septemba 1969 baba alikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge karibu na Voi. Alikuwa anarudi kazini kutoka upande wa Mtito Andei, amepewa lifti kwenye lori, na lile lori likapinduka kwenye barabara ya Mombasa. Walikufa wawili: baba, na mtu mwingine ambaye hata jina lake hatukuuliza. Dereva alivunjika mguu tu.

Mama wakati huo alikuwa kitandani na homa ya mapafu, hawezi hata kusimama. Tukaenda mimi na baba mdogo Alexander, yaani mdogo wake baba. Tulipofika pale hospitalini baba mdogo akasema harufu ya dawa inamuumiza kichwa, yeye atanisubiri kwenye gari. Nikaingia mochari peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na ile suti ya kijivu kwenye mfuko.

Mhudumu alikuwa mzee mwenye haraka zake. Aliniuliza jina la marehemu, akaniongoza ndani, akafunua shuka upande wa miguu. Akaniambia uso umeumia, akaniuliza kama nataka kuona.

Nikasema hapana.

Niliangalia miguu. Ilikuwa miguu ya mwanamume mtu mzima, myeusi, ina vumbi la barabarani. Nikasema ni yeye. Nikatia sahihi pale aliponionyesha, nikamwachia suti, nikatoka nje kwenye jua.

Mtaniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Si hofu, si uchungu. Umewahi kung'olewa jino, ukachomwa ile sindano, ukawa unajigusa mdomo na hujui kama ni wako? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na nilidhani kesho itaisha.

Sanduku lilifika nyumbani limepigwa misumari. Mama akajikokota kutoka kitandani akataka lifunguliwe, amwoshe mumewe kwa mikono yake. Baba mdogo akakataa katakata, akasema siku nne za joto la Voi zimepita, tusije tukaaibishana. Mama hakubishana naye. Akanigeukia mimi.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Ni yeye."

Akaamini. Angeachaje kuniamini? Tukazika. Watu walilia mpaka wakakauka, mimi jicho kavu. Kuna wanawake walinong'ona kwamba Rasoa kazaa jiwe, na niliwasikia, na hilo nalo halikuniuma.

Miaka saba nikaishi hivyo. Nilifundisha, nikala, nikalala. Nikaposwa na kijana mmoja mzuri wa Mgange, nikakubali, baadaye nikavunja uchumba, na yote mawili yalinijia sawasawa. Kitu kimoja tu kilikuwa kikinirudia: ile miguu. Baba alikuwa na miguu ya namna gani? Nilijaribu kuikumbuka na sikuweza. Kila mama alipomtaja baba, mimi nilikuwa nawaza ile miguu, na lile neno langu.

Basi, 1976 mama akaanza kuota. Baba anamjia, anamwambia ana baridi. Mara ya kwanza akanyamaza. Mara ya tatu akaenda kwa duka la Mhindi Wundanyi akanunua marekani nyeupe, kitambaa kizito kisichotiwa rangi, mita saba. Jumapili iliyofuata, watu wametoka ibadani wamesimama uwanjani wanasalimiana, akatangaza kwamba mwezi wa nane anamfungulia mumewe na kila mtu amekaribishwa.

Hapo kijiji kikachafuka.

Aliyepinga kuliko wote alikuwa baba mdogo Alexander. Kufikia wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, anavaa suti kila Jumapili, anasoma masomo mbele ya watu. Alisema huo ni ushenzi, wafu waachwe mpaka parapanda ilie. Alisema hivyo jasho linamtoka, na asubuhi ya huku juu, jamani, haitoi mtu jasho.

Mama akamuuliza kwa upole kwani babu zake yeye walikuwa wakifanya nini.

Watu wakaangalia chini. Kila Mtaita wa umri fulani anajua. Zamani, kabla ya misheni, mtu mkubwa akishazikwa ikapita kama mwaka, kichwa chake kilifukuliwa kikapelekwa kwenye pango la ukoo, kikapangwa na vya wenzake. Mvua ikikataa, au ugonjwa ukiingia, watu walikwenda pale na pombe kuzungumza na wazee wao. Wamisheni walikataza. Mapango hayakwenda popote, vichwa bado vimo, sisi tu ndio tuliojifanya hatuijui njia.

Kasisi wetu alikuwa mtu mpole wa Kasigau. Akasema yeye hajaona kifungu kinachokataza marehemu kubadilishwa nguo, mradi kuwe na sala na pasiwe na pombe. Mambo yakaishia hapo.

Mimi mama aliniomba nisimame upande wake, nikasimama. Huku kila jioni namtafutia sababu ya kuahirisha. Nikasema tungoje wavune kwanza. Nikasema afisa wa afya atatuletea shida. Nikasema kifua chake mwenyewe si kizima. Ukweli nilikuwa naogopa kitu kimoja: kaburi likifunguliwa, mama ataangalia kile ambacho mimi sikukiangalia. Sikujua atakuta nini. Labda ni baba, na mimi nimejitesa bure. Labda si yeye. Mama alinisikiliza kila sababu mpaka mwisho, halafu akaendelea kukunja ile marekani.

Ikafika siku, Jumamosi asubuhi, ukungu unaondoka. Wanaume wanne wa ukoo wakachimba. Kwaya ikaimba. Mbao za sanduku zilikuwa zimeoza, zikabonyea kwenye sepeto, na ile suti ikaonekana.

Mama hakuruhusu mtu mwingine kugusa. Alishuka kaburini mwenyewe, na kifua chake kile, akapiga magoti akaanza kutoa udongo kwa vidole kuanzia miguuni. Alikuwa anaongea na baba kwa lugha ya kwao, polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake asimshtue. Akafika magotini. Akafika kifuani. Akafika kwenye kola ya shati.

Vidole vikakuta udongo mtupu.

Akachimba mbele zaidi. Akachimba kushoto, akachimba kulia. Halafu akanyanyua uso, na katika watu wote wale akanitazama mimi.

"Peris, kichwa kiko wapi?"

Mayowe yaliyopigwa pale sijayasikia tena. Kuna waliokimbia. Mmoja akasema ni fisi, mwingine akasema ni wachawi wanaouza vichwa Mombasa. Kasisi akafungua Biblia akaifunga. Mimi nilisimama palepale nikihesabu vifungo vya suti. Vitano. Nikavihesabu tena.

Ndipo baba mdogo Alexander akakaa chini kwenye udongo na suti yake ya kanisa, akasema, wala hakuulizwa na mtu:

"Nilikichukua mimi."

Alieleza yote bila kuinua macho. Ule ukame wa 1971, mvua mbili zilikataa mfululizo. Ng'ombe wake waliisha, mtoto wake wa mwisho akawa anakonda na hospitali haioni kitu. Alikuwa ameomba kanisani akafunga na kuomba tena. Mwishowe akamkumbuka babu yake. Akafikiri, ukoo wetu haujapeleka mtu pangoni tangu wamisheni waje, na kaka yake ndiye mtu mkubwa aliyekufa karibuni. Asubuhi moja watu wako mashambani akaenda peke yake, akachimba upande wa kichwani, akang'oa ubao, akafumba macho, akaingiza mkono, kisha akafukia kama palivyokuwa. Akakitia kwenye kikapu, akakifunika kwa majani ya ndizi, akakipeleka. Alisema hakukitazama hata mara moja. Jumapili yake akasoma somo kama kawaida.

Mtu mmoja huko nyuma akauliza kama mvua ilinyesha.

"Ilinyesha," baba mdogo akasema. "Baada ya wiki mbili."

Na mtoto alipona, tena nilikuwa nimemfundisha mimi darasa la pili.

Mama alikuwa bado yuko ndani ya kaburi. Hakumtukana. Akaomba mkono, akatolewa, akajifuta magoti, akamwambia shemeji yake atangulie aonyeshe njia.

Pango lenyewe si pango kubwa. Ni mwamba umeinama, chini yake unaingia kwa kutambaa. Vichwa vimepangwa kwa mstari, vingine vimeota kuvu la kijani, na mwisho wa mstari kimoja kilikuwa hakijaota kitu. Baba mdogo akaonyesha kwa kidole, akabaki nyuma. Mama akatambaa akakitoa. Akakaa juani, akakiweka kwenye paja, akaanza kukifuta kwa pembe ya leso. Alifuta paji la uso. Alifuta chini ya macho. Alipofika kwenye meno mkono ukasimama.

Meno ya mbele, ya juu, yalikuwa yamechongwa. Kila moja lilikuwa na ncha.

Mtu wa huku haambiwi maana yake. Wazee wa Kikamba wa zamani ndio waliochonga meno hivyo, ujanani, kwa urembo. Baba yangu alilelewa misheni tangu ana miaka sita, meno yake hayakuguswa na patasi hata siku moja.

Baba mdogo akasogea, akachungulia, akaona. Akageuka akashika mwamba. Miaka mitano alikuwa amemwomba mvua na uzima mtu asiyemjua hata kwa sura.

Mama akanitazama.

"Uliniambia ulimwona," akasema.

"Sikumwona, mama. Niliangalia miguu."

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige, nione kama nitahisi. Wale watu wachache waliotufuata wakaanza kukohoa. Halafu akakifunga kile kichwa kwenye leso yake, akasimama.

"Huyu naye ana watu wake," akasema.

Tukarudi kaburini, na mama akafanya kila kitu alichokuwa amekuja kukifanya. Alikirudisha kichwa mahali pake. Akamfunga yule mtu kwenye mita zake nne za marekani, akafunga vizuri kwa vitambaa, tatu zilizobaki akazikunja akaziweka kando. Akawaomba wanaume wambebe mabegani wauzunguke ua, na wale waliokuwa bado hawajakimbia wakambeba, na mama akacheza mbele yao, kifua kinapiga filimbi. Kwaya haikujua iimbe nini, ikaimba wimbo wa Pasaka. Kabla hajarudishwa, mama akamwinamia akamwambia jina lake, kwamba yeye ni Rasoa, kwamba sisi hatumjui na atusamehe.

Baada ya hapo mama hakusema na mimi siku tisa. Nilimwekea chakula, akala, akaweka sahani. Siku ya kumi akaniambia nivae viatu twende tukamtafute baba yangu.

Voi tulimpata yule aliyekuwa mwenye lori. Alikumbuka mara moja. Aliyekufa na karani wa mkonge alikuwa taniboi wake, yaani msaidizi wa dereva, akiitwa Ndulu, Mkamba wa Miasenyi, mtu wa vichekesho sana. Kaacha mke anaitwa Wanza.

Miasenyi ni palepale barabarani, huwezi kupakosa. Tukashuka kwenye basi, tukawauliza wanawake waliokuwa wanauza makaa, wakatuonyesha nyumba. Wanza alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa ndengu anachambua. Mwanamke mwembamba, umri kama wa mama, leso kichwani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi. Mawe yamepangwa vizuri, pamefagiliwa, wala hapana hata jani moja.

Alituletea maji, akatupatia kigoda na kiti. Mimi njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nikaanza kusema kwamba mwaka wa sitini na tisa kulikuwa na ajali.

Akanikatiza.

"Nyinyi ndio wale wa milimani," akasema.

Nikasema ndio.

"Mmechelewa."

Akaweka ungo chini, akatueleza. Yeye alifika mochari siku moja baada yangu, kwa miguu na kwa lifti. Mhudumu akafunua shuka, akamuuliza kama anataka kuona uso, akasema ndiyo, nimekuja kumwona mume wangu. Akamtazama muda mrefu. Akamwambia yule mhudumu huyu si Ndulu.

Mhudumu akamjibu kwamba basi wako kachukuliwa jana, na watu wa milimani wenye gari lao, walitia sahihi na wamekwenda. Amebaki huyu. Kama humtaki, kaunsili itamtupa kwenye shimo la wasio na wenyewe. Akamwambia aamue haraka.

Nyumbani Wanza alikuwa ameacha watoto wanne wanamngoja baba yao.

"Nikamtazama tena," akasema. "Nikasema, ni wangu. Nipe."

Alimwosha. Akamvalisha shati la Ndulu la sikukuu. Watoto wakalia juu yake wakamwita baba, naye hakuwaambia, na mpaka siku ile tuliyokaa pale alikuwa hajamwambia binadamu yeyote. Aliachwa mjane na kifo cha mtu mmoja akaomboleza juu ya mwili wa mwingine, na kila Jumamosi akafagia.

Mama akamuuliza kwa nini hakuja kututafuta. Akasema alitoka mara moja, akafika mpaka Voi, akarudi. Angetuambia nini? Tukafukue? Kwao mtu akishalala haguswi tena. Akaona bora angoje, siku tukijua tutakuja.

Kisha akauliza alichokuwa na haki ya kuuliza.

"Na wangu mlimfanya nini?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama akamweleza moja kwa moja, bila kupunguza: kaburi letu, suti ya kijivu, kikapu cha shemeji, pango, ule ukame, mvua, halafu marekani na kucheza. Wanza akasikiliza kichwa kimeinama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Ndulu?" akasema. "Mlimwomba mvua Ndulu? Yule hata maji ya kuoga hakuwahi kujichotea."

Akacheka mpaka akashika mbavu, na mama naye akashikwa, wajane wawili wanafutana machozi kwa leso. Mimi nilikaa katikati yao nimeshika gilasi ya maji.

Walipotulia mama akaomba ruhusa ya kufungua kaburi. Wanza akakataa, kwa heshima lakini akakataa. Mama hakulazimisha. Akaenda nyuma ya nyumba, akatandika zile mita tatu za marekani juu ya mawe, akaketi kando, akaanza kumpa mumewe habari za miaka saba. Nilimsikia akimwambia kwamba kumbe yuko kwenye joto lote hili, na yeye Rasoa kila mara anamwota ana baridi.

Nikabaki mlangoni na Wanza. Akarudi kwenye ndengu zake.

"Wewe ndiye uliyetia sahihi?"

Nikasema ni mimi.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye ungo. Hakunisamehe wala hakunihukumu, alichambua tu. Nami nikamuuliza kitu ambacho sikustahili kumuuliza mtu niliyemwibia mume.

"Mama, alikuwaje usoni?"

Akasimamisha mikono.

Akaniambia jeraha lilikuwa upande wa kushoto, juu ya nyusi, refu kama kidole, halikuwa kubwa kama walivyosema. Alikuwa hajanyoa siku mbili, na ndevu za kidevuni zina mvi. Kwenye kidole cha katikati alikuwa na wino, akajaribu kuutoa kwa sabuni ukakataa, akauacha. Jicho moja lilikuwa halijafumba sawasawa. Alilifumba yeye, kwa kidole gumba, akalishikilia mpaka likatulia.

"Hakuwa wa kutisha," Wanza akasema. "Alikuwa amechoka tu. Ungeweza kumwangalia, mwanangu."

Nililia pale mlangoni kwa watu nisiowajua mpaka jua likahama. Sikujua kulia kunauma hivi, mpaka meno yananiuma. Wanza hakuninyamazisha. Alisogeza ungo nisije nikazilowesha ndengu.

Baba amebaki Miasenyi, Ndulu amebaki kwetu, na wajane wao walitembeleana mpaka walipozeeka kabisa. Mimi ninalo moja tu la kuwaambia, na silisemi kwa ubaya.

Ukiitwa kumtambua mtu wako, ingia. Wakikuuliza kama unataka kuona, sema ndiyo hata kama magoti yanakufa. Mimi baba yangu alifumbwa jicho na mwanamke aliyejua kabisa kwamba si wake.